Boksi la Sangara Lisipoitika

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria, baada ya kuenea habari kwamba wapo wavuvi wanaovua kwa sumu. Sangara safi na sangara wa sumu wakahukumiwa pamoja, na viwanda vya minofu vya Mwanza vikaumia. Tangu Januari 2005 sheria ya Umoja huo inamtaka kila mfanyabiashara wa chakula ajue alinunua kwa nani na alimuuzia nani.

Hapo ndipo muuza lebo za mawimbi ya redio anapobisha hodi. Lebo yake ni chipu yenye namba na antena nyembamba, haina betri. Kisomaji kilichofungwa mlangoni kinaita. Lebo inachota nguvu kwenye mawimbi hayohayo na kuitika kwa namba yake. Kwenye ghala la nguo au vitabu, mamia ya lebo huitika kwa sekunde chache.

Lakini sangara si kitabu. Zaidi ya robo tatu ya mnofu ni maji, na maji humeza mawimbi ya masafa yanayotumika maghalani, megahezi 860 hadi 960. Kuta za chuma huyarudisha ovyo. Panga maboksi kwenye paleti, yamelowa barafu inayoyeyuka: ya pembeni yataitika, ya katikati yatakaa kimya. Tena kisomaji hichohicho huweza kulisikia boksi la toroli linalosubiri kando, likaandikwa limepakiwa ilhali bado liko sakafuni.

Tupige hesabu. Lori limebeba maboksi 800 na kisomaji kinanasa 98 kati ya kila 100. Si haba, lakini kila jioni kompyuta itasema maboksi 16 hayapo. Siku ya kwanza mlinzi atayashusha yote na kuyahesabu. Siku ya pili pia. Wiki ya tatu atabonyeza kitufe cha kukubali na kufungua geti, kwa sababu amezoea. Siku maboksi 16 yatakapoibwa kweli, mashine itakuwa imesema kweli na hakuna atakayeisikiliza. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote, kubwa kuliko umeme kukatika, kwa kuwa umeme ukikatika kila mtu anajua. Na ikiwa mzigo ni mabondo, yaani vibofu vya hewa vya sangara, ambavyo bei ya kilo yake huiacha mbali bei ya kilo ya mnofu, gunia moja tu lisiloitika ni hasara ya kutosha.

Dawa yake haihitaji kisomaji cha bei kubwa zaidi. Soma boksi likiwa peke yake kwenye mkanda, kabla halijapangwa na wenzake. Bandika lebo pembeni, mbali na mnofu, na uache nafasi kidogo ili isigusane na unyevu. Kisha mlete shahidi wa pili: mzani. Lebo zikisema 784 na uzito ukisema 800, lebo ndizo zilizokosa. Vyote viwili vikipungua, geti lisifunguliwe.

Mzigo ukishatoka, kwa mfano kuelekea Nairobi kupitia mpaka wa Sirari, lakiri ya kielektroniki iliyofungwa mlangoni mwa lori huripoti mahali lilipo, na mlango ukifunguliwa njiani hutoa taarifa. Ni kinga nzuri, ila lakiri hulinda mlango tu. Kama yalipakiwa maboksi 784, italinda 784 hayo kwa uaminifu hadi mwisho wa safari.

Nawe meneja unayefikiria kununua mfumo huu: usisaini kwa maonyesho yaliyofanyika ofisini kwa maboksi makavu. Mwambie muuzaji alete kisomaji chake chumba cha baridi, saa ya kupakia, sakafu ikiwa imelowa. Hesabu kwa mkono kando yake kwa mwezi mzima, na uandike kila siku ni maboksi mangapi hayakuitika.