Waingereza na Njia ya Bahari ya Shamu

Mtu ambaye shamba lake li mbali na soko hana budi kupita katika ardhi ya wengine. Hataki kulima huko. Ataka njia tu. Lakini akiogopa kwamba njia itafungwa, ataweka mlinzi hapa na kujenga kibanda pale, na siku si nyingi ataonekana amekuwa mwenye mji. Hii ndiyo habari ya Waingereza katika Bahari ya Shamu. Yatufaa kuijua, maana hiyo ndiyo njia fupi ya meli zitokazo Ulaya kuja Mombasa.

Shabaha ya Waingereza ilikuwa Bara Hindi. Zamani merikebu zao za matanga zilikwenda huko kwa kuizunguka Afrika yote, safari ya miezi mingi. Napoleon alipoingia Misri mwaka 1798, walishtuka, wakaona kwamba adui aweza kuwatangulia kwa njia ya kaskazini. Mwaka wa pili walipeleka askari katika kisiwa cha Perim, mlangoni mwa bahari hiyo, lakini askari wakaondoka kwa kukosa maji.

Kisha zikaja meli za moshi. Mwaka 1830 meli Hugh Lindsay ilitoka Bombay ikafika Suez, lakini ilikula makaa mengi mno, ikawa lazima kupata mahali pa kuyaweka njiani. Nahodha Haines aliuchagua mji wa Aden. Kwanza alijaribu kupatana kwa fedha na Sultani wa Lahej, mwenye mji. Mapatano yalipovunjika, aliupiga mji kwa mizinga, akautwaa tarehe 19 Januari, 1839. Watu wa Lahej walijaribu kuurudisha kwa nguvu, wasiweze.

Askari wa Aden walihitaji nyama, na kondoo na mbuzi walitoka ng'ambo, Berbera katika pwani ya Wasomali. Wamisri waliokuwa wakiitawala pwani hiyo walipoondoka mwaka 1884, Waingereza hawakupenda Wafaransa waingie mahali pao. Basi wakafanya mikataba na wazee wa Kisomali. Hivyo nchi nzima iliwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza, na sababu moja kubwa ni kwamba kituo cha makaa kisikose kitoweo.

Upande wa kaskazini mambo yalikuwa vivyo hivyo. Palmerston, waziri mkuu wa Uingereza, alipinga kuchimbwa kwa Mfereji wa Suez, kwa kuwa aliogopa nguvu za Wafaransa. Lakini ulipofunguliwa Novemba 1869, meli zilizopita humo zilikuwa nyingi zaidi za Kiingereza. Mwaka 1875 Disraeli alinunua hisa za mtawala wa Misri kwa karibu pauni milioni 4. Mwaka 1882 jeshi likaingia Misri. Walisema watakaa muda mfupi tu. Mgeni huyo wa siku mbili alikaa miaka 74.

Si haki kusema kwamba ulinzi huo haukuwafaa wengine. Mkataba wa mwaka 1888 uliahidi kwamba mfereji utakuwa wazi kwa meli za mataifa yote, wakati wa amani na wa vita. Na mwaka 1941 Waitalia walipotolewa Somalia na Uhabeshi, askari wa King's African Rifles, wakiwamo vijana wa Kenya, walikuwa miongoni mwa waliopigana.

Bara Hindi lilipata uhuru mwaka 1947. Soko lilikwisha kubadilika, lakini mlinzi alibaki njiani, safari hii kwa ajili ya mafuta. Julai 1956, mwezi mmoja tu baada ya askari wa mwisho kuondoka Misri, Gamal Abdel Nasser aliitwaa kampuni ya mfereji iwe mali ya taifa. Uingereza na Ufaransa, pamoja na Israeli, walipigana ili kuurudisha. Misri ikazamisha meli ndani ya mfereji, hata njia ile ile iliyopiganiwa ikazibwa mpaka mwaka 1957. Marekani ilikataa kuwasaidia, thamani ya pauni ikatikiswa, na kabla mwaka haujaisha majeshi ya Uingereza na Ufaransa yaliondoka. Nchi ya Wasomali iliyokuwa chini ya Waingereza ilipata uhuru mwaka 1960, na Aden iliachwa Novemba 1967, baada ya damu nyingi kumwagika.

Hata hivyo ile hofu ya njia haikwisha. Januari 2024, Wahouthi wa Yemen walipokuwa wakizishambulia meli, ndege za Kiingereza ziliruka kutoka Cyprus kwenda kuwapiga, na meli nyingi za biashara zikarudi kuizunguka Afrika kama zile za matanga.

Basi, msomaji, mizinga yaweza kuifungua njia kwa siku moja. Lakini Haines na Eden, waziri mkuu wa mwaka 1956, wanatuonyesha kwamba njia ipitayo katika shamba la mtu haitakuwa salama muda mrefu ikiwa mwenye shamba hakuridhika.