Jiwe Ndani ya Birika

Fungua kifuniko cha birika yako, uangalie ndani. Kama unaona ukoko mweupe umeshika chini, jua kwamba hauko peke yako. Tena, usiogope.

Nasema usiogope kwa sababu mama moja wa kanisa alikuja kwangu akiwa amefunga birika yake ndani ya kitambaa. Alikuwa amehamia upande mwingine wa mji, akaanza kuteka kwenye kisima kipya. Kiisha miezi miwili birika ikashika kitu cheupe, kigumu kama simenti. Jirani akamwambia: "Hii ni sumu. Kuko mutu alikutilia." Mama akafikiri moto ndio unaamsha ile sumu, akaacha kuchemsha maji. Akaenda kuteka mtoni, chini ya machimbo, kwa kuwa maji yale hayakuacha weupe. Hata juma mbili hazikupita, watoto wake wawili wakalala na kuhara. Namshukuru Mungu, walipona.

Weupe unatoka wapi?

Maji ya mvua yakishuka ndani ya udongo yanashika hewa ya kaboni, ileile tunayotoa tukipumua. Kwa hewa hiyo yanaweza kuyeyusha mawe ya chokaa polepole, na kubeba madini mawili: kalisiamu na magnesiamu. Maji yenye kubeba mengi ya madini hayo tunayaita maji magumu. Ukiyaweka motoni, ile hewa inatoka, chokaa inarudia kuwa jiwe, inashika chini ya birika.

Kazi hiyo iko mbele ya macho yetu hapa Ituri. Kule Mlima Hoyo, kusini ya Komanda, maji yamechimba mapango ndani ya mawe ya chokaa, na matone yamejenga mawe yanayoning'inia kama meno. Ukoko wa birika yako ni ndugu mdogo wa mawe yale.

Lakini si pahali pote pako hivyo. Sehemu kubwa ya Ituri imekaa juu ya mawe ya graniti, na maji yanayopita ndani yake ni laini. Ndiyo maana kisima kimoja kinaweza kuacha jiwe, na chemchemi ya ng'ambo isiache kitu. Hapa Niania wengi tunateka kwenye visima na chemchemi. Ndugu wa Bunia wako na robine za REGIDESO. Sheria ya maji ni moja tu.

Pima mwenyewe

Vijana, twaeni chupa mbili safi. Moja tieni maji ya mvua, ingine maji ya kisima, nusu-nusu. Tieni ndani ya kila moja kipande kidogo cha sabuni ya mche, kilicho sawa, mtikise. Maji laini yatatoa povu jingi. Maji magumu yatatoa povu kidogo, na uchafu kama maziwa yaliyoganda. Wenye kupima kwa vyombo wanasema maji ni laini yakiwa chini ya miligramu 60 za chokaa katika lita moja, na magumu sana yakipita 180.

Tunza vyombo vyako

Birika yenye ukoko inakula makala mengi, kwa sababu moto unapasha jiwe kwanza. Tia maji ya ndimu, ama siki na maji nusu-nusu, uache saa moja, utaona mapovu. Kiisha sugua na kusukutua vizuri. Usichanganye siki na Javel hata kidogo: inatoa hewa ya sumu.

Pasi ya mvuke inaziba matundu yake. Itilie maji ya mvua yaliyochujwa. Radiatere ya motokari inaziba vilevile. Na batri yenye kuongezwa maji, iwe ya motokari ama ya umeme wa jua, inataka maji distile peke yake, si ya kisima wala ya robine.

Sumu ya kweli iko wapi?

Shirika la Afya la Ulimwengu halikuweka kipimo cha mwisho cha ugumu wa maji kwa ajili ya afya. Ule weupe unaharibu birika, hauui mtoto. Yenye kuua ni vijidudu, navyo havionekani. Chemsha maji mpaka yatokote dakika moja, yaache yatulie, umimine ya juu.

Tena, sisi wa machimbo tujue hili: zebaki ya kushikia zahabu haitoki kwa kuchemsha. Usiteke chini ya pahali wanapoosha zahabu, hata kama maji ni laini na hayaachi kitu ndani ya birika.

Soma 2 Wafalme 2:19-22. Watu wa Yeriko walikuwa na maji mabaya. Hawakutafuta jirani wa kumshitaki. Walileta shida yao wazi kwa Elisha, naye akaenda mpaka kwenye chemchemi yenyewe. Nasi tufanye vile: tutafute chanzo cha maji, si mchawi.

Maulizo kwa jamaa

1. Maji yetu yanatoka wapi, na ni nini kiko juu yake?
2. Ni nani tulimshitaki bure kwa jambo ambalo hatukulichunguza?