Vichaka vya Itigi: msitu unaojizuilia moto

Abiria wa Reli ya Kati wanaokwenda Tabora au Kigoma wakishaiacha stesheni ya Manyoni, mkoani Singida, wengi hufunga dirisha na kulala. Nje, wanasema, hakuna cha kutazama mpaka Itigi, ni pori tu. Kiangazi pori hilo ni ukuta wa vijiti vya kijivu visivyo na jani, na masika ni ukuta wa kijani usioonyesha upande wa pili. Si abiria peke yao wanaosema hivyo. Kwenye mikutano ya kugawa mashamba utasikia kwamba eneo lile "limekaa tu" na linasubiri mwenye nguvu aje alifyeke.

Kauli hiyo inaniudhi, kwa sababu ukuta ule ni mojawapo ya misitu adimu barani Afrika. Shirika la WWF lilipogawa dunia katika kanda za ikolojia, halikuvitia vichaka hivi kwenye miombo wala kwenye nyika ya migunga. Liliviandikia kanda yao, Itigi-Sumbu, yenye kilomita za mraba zipatazo 7,800 kwa jumla. Kanda hiyo ina vipande viwili: kimoja ni hiki cha Singida, na cha pili kiko mamia ya kilomita kusini-magharibi, nchini Zambia, kati ya ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Mweru Wantipa. Wataalamu wa misitu wa Zambia nao huuita wa kwao msitu wa Itigi. Mji mdogo wa wilaya ya Manyoni umeupa jina msitu wa nchi nyingine, na mtoto wa Singida anaweza kumaliza shule bila kuusikia hata mara moja darasani.

Aliyeifahamu vizuri mimea ya nyanda hizi ni Bernard Dearman Burtt, mtaalamu wa mimea katika idara iliyochunguza mbung'o enzi za Tanganyika. Alizunguka nchi ya kati akikusanya matawi, maua na maganda ya mbegu, na jina lake limebaki vichakani. Kuna Baphia burttii, kuna Grewia burttii wa ukoo wa mkole, na kuna Burttia, jenasi nzima iliyopewa jina lake. Alifariki mwaka 1938 katika ajali ya ndege, pamoja na mkuu wake C.F.M. Swynnerton, ambaye jina lake limebebwa na mbung'o aina ya Glossina swynnertoni. Maandishi ya Burtt kuhusu jamii za mimea ya Afrika Mashariki yalichapishwa mwaka 1942, naye ameshazikwa.

Ukitaka kuingia kichakani, usitafute njia ya kupita umesimama. Mimea mingi ina urefu wa mita tatu hadi tano, na kila mmoja hautoi shina moja bali mashina mengi kutoka chini, membamba, yanayopinda na kuingiliana na ya jirani. Hapa na pale mti mmoja hupenya juu ya wenzake, kisha paa linajifunga tena. Chini ya paa hilo inakupasa uiname, na mara nyingine utambae. Ukishaingia, angalia chini kwanza: kuna majani makavu, vijiti, udongo wa kichanga wenye wekundu, na vifusi vya mchwa. Nyasi hakuna.

Kukosekana kwa nyasi ndiko kunakoeleza mambo yote yanayofuata.

Kanda hii hupata mvua ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, nayo ni kiasi cha milimita 500 hadi 700 kwa mwaka. Miezi inayobaki ni mikavu kabisa. Kufikia Agosti, mbuga na misitu ya miombo inayovizunguka vichaka imejaa nyasi zilizokauka zikiwa zimesimama, na upepo unapita katikati yake. Hapo cheche moja inatosha, iwe ya mwindaji, ya mfugaji anayetaka majani mapya, au ya mkulima anayesafisha shamba. Moto wa mbugani hauendeshwi na magogo. Unaendeshwa na nyasi, kwa kuwa ni nyembamba, zimekauka, na zina hewa ya kutosha kati ya bua na bua.

Moto huo ukifika kwenye ukingo wa kichaka kilicho kizima, unakosa chakula. Kivuli cha masika kimezinyima nyasi jua, kwa hiyo hazikuota. Majani yaliyodondoka kiangazi yamelala ubapa, yamegandamana, na mchwa wameshaanza kuyala. Moto unaramba ukingo, unachoma matawi ya nje, unafifia na kuzimika. Ukipita siku chache baadaye utaona mstari: upande mmoja majivu meusi hadi upeo wa macho, upande wa pili vijiti vya kijivu ambavyo havikuguswa, na kati yake hatua chache tu. Hakuna aliyechimba njia ya moto pale, wala hakuna aliyemwaga maji.

Sasa gusa magome. Miti ya miombo, inayounguzwa karibu kila mwaka, imejizatiti: gome la mti mkubwa ni nene, na moto wa nyasi unapita bila kuufikia uhai ulio ndani. Mimea mingi ya kichakani ina gome jembamba unaloweza kulichuna kwa ukucha. Haikujiandaa kuvumilia moto kwa kuwa kwa miaka mingi imeishi mahali usipofika. Kinga yake haimo katika mti mmoja mmoja, imo katika kusimama pamoja. Paa likiwa zima, kila shina chini yake liko salama. Paa likitoboka, hakuna shina lenye kinga ya peke yake.

Watafiti wa mbung'o waliujua ukweli huu kwa upande wake wa pili. Huko Shinyanga walizuia moto kwa makusudi, mwaka baada ya mwaka, ili pori la wazi lijifunge na limkose mbung'o anayependa mahali peupe. Ukiuondoa moto, kichaka kinajifunga, na ukiuingiza moto, kichaka kinafunguka na hakifungiki tena kwa urahisi.

Kinachozidi kunistaajabisha ni namna mimea hii inavyosambaza mbegu mahali ambapo upepo hauingii. Mitatu kati ya ile inayotawala, Baphia burttii, Bussea massaiensis na Pseudoprosopis fischeri, ni ya jamii ya mikunde. Chukua ganda la Bussea lililokomaa: ni gumu, la mti kabisa, limeungana pande mbili kwa mshono. Ndani ya kila upande mna matabaka ya nyuzi zilizolala kwa mielekeo tofauti. Ganda linapokauka, kila tabaka linasinyaa kuelekea upande wake, na kwa kuwa yameshikamana, mvutano unajikusanya siku hata siku. Siku mshono unaposhindwa, pande zote mbili hujikunja kwa ghafla na kuzirusha mbegu kama mshale unaoachiwa na upinde. Kiangazi, jua likiwa kali, ukitulia kichakani utasikia milio mikavu huku na huku, kisha mbegu zikigonga matawi. Maganda yaliyokwisha kupasuka yamezagaa chini, yamejisokota. Kiangazi hicho hicho kinacholeta moto mbugani ndicho kinachokaza mtego wa mbegu hizi.

Udongo nao una tabia yake. Ni kichanga chenye asidi, masika laini na rahisi kupitisha maji, kiangazi mgumu kiasi kwamba jembe linaruka. Mimea ya kichakani inaendana na hali hiyo kwa kumwaga majani yote na kungoja, huku akiba kubwa ikiwa imefichwa mizizini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walipotaka kukadiria uzito wa vichaka hivi na kaboni iliyomo, iliwabidi watunge fomula mpya na wafukue mizizi, kwa kuwa vipimo vya miti ya kawaida havifai kwa mmea wenye mashina mengi kutoka kisiki kimoja.

Visiki hivyo ndivyo vinavyonipa matumaini. Kichaka kilichokatwa kwa shoka na kuachwa bila moto huchipua upya kutoka mizizini na paa hujifunga tena. Kinachokiua ni mfululizo: tingatinga linang'oa visiki, mabaki yanachomwa, jua linafika chini, nyasi zinaingia, na tangu hapo moto unarudi kila Agosti. Machipukizi yanaungua kabla hayajafika kifuani pa mtu. Baada ya misimu kadhaa mizizi inachoka, na mahali pale hapawi tena kichaka wala hapawi miombo, panakuwa uwanja wa nyasi na miiba.

Kwa sababu hiyo siridhiki ninapoambiwa kwamba "tumebakiza vichaka vya kutosha" kwa kuacha kipande hapa na kipande pale. Kichaka cha mraba wenye upande wa kilomita moja kina ukingo wa kilomita 4 unaokabiliana na moto. Ukikikata vipande 100 vya mita 100 kwa mita 100 na kuviacha vimetawanyika, eneo ni lile lile, lakini ukingo umefika kilomita 40. Pigo la moto limeongezeka mara kumi bila hata ekari moja kupungua kwenye karatasi. Hesabu hii inapaswa kuwa mezani kila ramani ya mashamba inapochorwa Manyoni na Itigi.

Ramani hizo zinachorwa sasa hivi. Wilaya ya Manyoni ina mashamba makubwa ya pamoja ya korosho, na mkorosho unapenda udongo wa kichanga wenye kina, udongo ule ule wa vichaka. Silaumu korosho, mkulima wa Singida anahitaji zao la biashara linalostahimili ukame. Ninachopinga ni kufyeka hadi shina la mwisho. Ua la mkorosho huchavushwa na wadudu, nyuki wakiwemo, na nyuki hao wanaishi kwenye vichaka vinavyong'olewa. Shamba lililozungukwa na kichaka kipana, kilicho kizima, lingepata wachavushaji na kinga dhidi ya moto bila kulipia senti.

Nchi hii imekwisha kupata somo la gharama kubwa, na si mbali na hapa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga huko Kongwa, mkoa jirani wa Dodoma. Ilipanga kusafisha zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa za Tanganyika, kwa kuamini kwamba pori lisilo na watu wengi ni ardhi iliyolala. Mizizi ilivunja mitambo, udongo ukakauka na kugoma kuachia karanga, mvua zikawa haba, na mwaka 1951 mradi ulifutwa baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 30. Vichaka vya kule vilikuwa vikieleza tangu mwanzo udongo ule ni wa namna gani na mvua yake ni ya kiasi gani, ila hakuna aliyevisikiliza.

Upande wa hifadhi, Singida imebarikiwa mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, yaliyo chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA). Lakini mapori hayo yanagusa sehemu tu ya vichaka, na sehemu kubwa iko nje, kwenye ardhi ya vijiji, kando ya reli na barabara, mahali panapofyekwa kwa urahisi zaidi. Kwa upande wa Tanzania, makadirio ya picha za satelaiti yalikwisha kuonyesha kwamba karibu nusu ya vichaka imeondoka. Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) una hifadhi ya nyuki ya Aghondi, nayo ni mfano mzuri wa msitu unaolindwa huku ukiingiza kipato.

Faida nyingine wenyeji, Wakimbu, Wanyaturu na Wagogo, wanazijua bila kufundishwa: asali, nta, fito za kujengea, kuni, mipini, kamba za magome ya mkole, furu na matunda mengine ya msimu, uyoga, mboga, dawa za mizizi, kivuli cha mifugo, maficho ya digidigi na kanga, na njia za tembo.

Chombo cha kuvilinda vichaka hivi kipo tayari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinaruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi na kujitungia sheria ndogo. Vijiji vya Manyoni na Itigi vikae na halmashauri zao, vichague mapande makubwa yaliyoungana, si vipande vya masalio, viyaandike kwenye mpango wa matumizi ya ardhi kabla tingatinga halijafika, na vipige marufuku kuchoma mabaki ya shamba karibu na ukingo. Gharama yake ni ndogo, maana kazi ya kuzima moto vichaka vinaifanya vyenyewe. Vinachohitaji kutoka kwetu ni kuachwa vikiwa vizima.