Kiraka si aibu

Usiku wa milima ya Kivu una baridi, na mtoto asiye na cha kujifunika hulijua jambo hilo kuliko mtu yeyote. Kwa sababu hiyo akina mama wengi wa parokia zetu hukusanya vikwembe vilivyochakaa, pamoja na mabaki yaangukayo chini ya meza za mafundi wa nguo, wakaunga kipande kwa kipande mpaka blanketi zima likapatikana. Blanketi la namna hii huitwa mfarishi. Juu pana vipande vilivyoshonwa pamoja, katikati pamba au blanketi kuukuu, na chini kitambaa kimoja kipana. Kisha mishono mingi midogo hupitishwa katika tabaka zote tatu, ili zisiachane.

Kazi hii ni njema, wala haina gharama kubwa. Lakini tumeona jambo moja lililotusukuma kuandika maneno haya. Katika chumba cha ushonaji tulimkuta mama kijana akifumua. Alikuwa amekwisha kushona safu nne. Akaona pembe za vipande hazikukutana sawasawa, akazifumua zote. Juma lililofuata tulimkuta akifumua tena. Tulipomwuliza sababu, alijibu bila kuinua macho: «Mwalimu, watu watacheka.» Mfarishi ule ulianzwa kwa ajili ya mtoto aliyekuwa bado tumboni. Mtoto akazaliwa, akabatizwa, akaanza kutambaa, na mfarishi ulikuwa haujakwisha.

Tungeweza kumlaumu mama huyo, lakini dhamiri yatukataza. Ni nani aliyemfundisha kuogopa kicheko? Sisi walimu twalijua jibu. Tulipokuwa wageni katika kazi ya kufundisha, siku moja tuliinua mbele ya darasa kitambaa cha binti mmoja ambacho mshono wake ulikuwa umepinda, tukasema: «Tazameni njia ya nyoka.» Darasa zima likacheka. Binti yule hakulia. Alikikunja kitambaa chake, akakitia mfukoni, na tangu siku ile hakutuletea tena kazi ya mikono. Ilitupasa kupita miaka mingi kabla ya kufahamu kwamba kosa la siku ile halikuwa katika kitambaa.

KOSA LATOKA WAPI?

Wasomaji wapenzi, tufanye hesabu kidogo. Chukueni vipande 20 vya kuunga katika mstari mmoja. Kama kila kipande kimezidi kwa milimita 2 tu, ambazo jicho huzipuuza kwa urahisi, mwisho wa mstari mtakuwa mmezidi milimita 40, yaani sentimita 4. Tena kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika mkononi, na kikwembe kilichofuliwa mara nyingi hakina nguvu sawa na kipya. Zaidi ya hayo, mama hushona jioni, taa ni hafifu, na mtoto analia.

Basi si lazima kosa litoke kwa uvivu. Mara nyingi latoka katika hali yenyewe ya vitu na ya mkono wa mwanadamu. Mashini yaweza kurudia mshono ule ule mara elfu. Mkono huchoka, hupumzika, kisha huanza tena, na kila mara waacha alama yake. Mwenye kutaka mkono usioacha alama ataka mkono usiokuwa wa mtu.

MATUNDU YA KINU

Tusidhani kwamba wazee wetu hawakulijua jambo hili. Huko Kasai, kati ya mto Kasai na mto Sankuru, wanakaa Wakuba, ambao mfalme wao ana makao yake Mushenge. Vitambaa vyao vyajulikana duniani kote, na majumba makubwa ya makumbusho ya Ulaya na Marekani yanavihifadhi kwa heshima.

Vitambaa hivyo hutengenezwa kwa majani ya mwale, ule mti ambao wengi huuita rafia. Mwanamume ndiye hufuma. Kwa kuwa nyuzi zake hazisokotwi wala haziungwi, kitambaa hakiwezi kuzidi urefu wa jani. Kwa hiyo vipande vingi huungwa pamoja ili lipatikane vazi moja refu. Kitambaa kinapotoka katika mtambo wa kufumia ni kigumu. Basi hulowekwa na kutwangwa kinuni mpaka kilainike, na katika kutwangwa huko mara nyingine hutoboka.

Je, mwanamke wa Kikuba afanyeje? Akikitupa, kazi nyingi ya mume wake na yake mwenyewe imepotea. Akiliacha tundu, litapanuka. Huchukua basi kipande kidogo cha kitambaa kile kile, akakishona juu ya tundu. Lakini kiraka kikiwa peke yake huonekana kama kidonda. Wataalamu wengi hueleza kwamba ndiyo maana wanawake waliongeza cha pili mahali pasipo na tundu, kisha cha tatu na cha nne, mpaka viraka vyote vikawa nakshi moja. Leo ukitazama vazi la namna hiyo, huwezi kujua ni kiraka kipi kimefunika tundu na kipi kimeshonwa kwa ajili ya uzuri. Na vazi hilo si la kuvaliwa jikoni. Huvaliwa katika sherehe kubwa, tena marehemu huvikwa vitambaa vya mwale anapoagwa na jamaa zake.

Tuzingatie vema. Wanawake hao hawakusema kwamba tundu ni zuri. Tundu ni tundu, nao waliliziba. Ila hawakukubali tundu moja liamue mwisho wa kazi yao. Wahenga walisema: kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi.

NGUO ZA MAREHEMU

Mfano wa pili twaupata mbali, ng'ambo ya bahari, kwa wajukuu wa Waafrika waliopelekwa utumwani. Katika jimbo la Alabama, nchini Marekani, kuna kijiji kiitwacho Gee's Bend, ambacho mto Alabama umekizunguka pande tatu. Wakazi wake wengi ni wazao wa watumwa wa shamba kubwa la pamba, na hata leo wengi huitwa Pettway, kwa jina la mwenye shamba lile. Nyumba zao za mbao zilipitisha upepo wa baridi, nao hawakuwa na fedha za kununua mablanketi. Wanawake wakashona mifarishi kwa magunia ya unga, mashati yaliyoraruka na suruali za shambani.

Mwaka 1942 mama mmoja wa kijiji hicho, Missouri Pettway, alikuwa amefiwa na mume wake. Alichukua nguo za kazi za marehemu, akazikata, akazishona mfarishi ili ajifunike na kumkumbuka. Vipande vyake havikulingana, na rangi ilikuwa imefifia kwa jua na jasho. Je, yuko nani angemwambia mjane yule afumue, kwa sababu mistari haikunyoka? Kile ambacho mgeni angekiita kasoro, kwake kilikuwa alama ya mwili wa mtu aliyempenda.

Mtu asifikiri kwamba wanawake wa sehemu zile hawakuweza kunyosha mshono. Mwaka 1966 waliunda chama cha ushirika kilichoitwa Freedom Quilting Bee, ili wapate kuuza mifarishi yao. Maduka ya mijini yalitaka vipimo vilivyo sawa, nao walijifunza kuvitimiza, kwa maana mnunuzi ana haki ya kupata alichoagiza. Lakini mifarishi waliyowashonea watoto wao iliendelea kuwa na mistari iliyopinda na rangi zilizobadilika katikati kwa sababu kitambaa kilikuwa kimekwisha. Na tazameni: mwaka 2002 mifarishi hiyo ya nyumbani ilitundikwa katika jumba la makumbusho la Houston, kisha New York, na watu wakaisifu sana. Mwaka 2006 Posta ya Marekani ilichapa stempu zenye picha zake. Hakuna aliyeinyosha kwanza.

UNYENYEKEVU WA KWELI NA WA UONGO

Huko huko Marekani pana hadithi ambayo watu hupenda kuisimulia. Husemwa kwamba wanawake wa kundi la Wakristu waitwao Amish, walio mafundi hodari wa mifarishi, hutia kosa moja kwa makusudi katika kila kazi, kwa kuwa Mungu peke yake ni mkamilifu. Hadithi hii yapendeza masikioni, lakini waliochunguza historia ya mifarishi hawakupata ushahidi imara wa desturi hiyo.

Nasi tukiipima kwa akili, twaona kwamba ina hatari ndani yake. Mtu atiaye kosa moja kwa makusudi kana kwamba asema: «Nisingelitia hili, kazi yangu ingalikuwa kamili kama ya Mungu.» Hiyo ni kiburi iliyovaa nguo ya unyenyekevu. Hatuna haja ya kuyatafuta makosa. Yatakuja yenyewe, tena bila kubisha hodi.

Labda msomaji atauliza: «Je, Yezu Kristu hakutuamuru tuwe wakamilifu kama Baba yetu wa mbinguni?» Ndiyo, alituamuru, katika sura ya 5 ya Injili ya Matayo. Lakini tusome na maneno yanayotangulia. Bwana alikuwa akisema juu ya kuwapenda adui, na juu ya Baba awaangaziaye jua lake watu wema na wabaya. Ukamilifu anaoudai ni ule wa mapendo. Mama afumuaye mara tatu kwa kuogopa majirani, huku mtoto akitetemeka, hajaukaribia ukamilifu huo. Na mwalimu amchekaye mwanafunzi yuko mbali nao zaidi.

LIPI LA KUFUMUA, LIPI LA KUACHA?

Tusieleweke vibaya. Hatuwafundishi mabinti uzembe. Kosa lenye kudhoofisha kazi lirekebishwe mara moja, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Mshono ulio karibu mno na ukingo wa kitambaa ufumuliwe, maana nyuzi zitachomoka; yafaa kuacha zaidi kidogo ya nusu sentimita. Mahali ambapo tabaka tatu hazikushikana pashonwe tena, la sivyo pamba itajikusanya upande mmoja baada ya kufuliwa. Kitambaa kipya kifuliwe kabla ya kukatwa, kwa sababu chaweza kujikunja na kutoa rangi. Bwana wetu mwenyewe alilitumia jambo hilo katika mafundisho yake, aliposema kwamba hakuna mtu atiaye kiraka cha nguo mpya katika vazi kuukuu, kwa maana kiraka hicho hulirarua vazi zaidi. Huenda aliyesema hivyo alikulia katika nyumba ambamo nguo zilitiwa viraka.

Lakini pembe zisizokutana kwa upana wa punje ya mchele, mishono ambayo mmoja ni mrefu na mwingine mfupi, kipande chekundu kilichowekwa kwa sababu cha buluu kimekwisha: haya yote hayamnyimi mtoto joto. Yaacheni. Na mkitaka kujua kama kosa ni la namna ya kwanza au ya pili, jiulizeni swali moja: je, lamwumiza atakayejifunika, au lauumiza moyo wangu tu? Likimwumiza yeye, fumueni. Likiwa lauumiza moyo wenu tu, vumilieni, mwendelee. Kosa la leo litaufundisha mkono kwa kazi ya kesho, lakini kazi isiyomalizika haimfundishi mtu, wala haimfuniki mtu.

Akina baba nao wana sehemu yao. Mke au binti akileta nyumbani kazi ya mikono yake, neno la kwanza lisiwe la kuonyesha penye kasoro. Yeye aliyeshona apaona kabla yenu. Mshukuruni kwanza, shauri lingoje kesho yake.

Mama kijana tuliyemtaja amekwisha kuumaliza mfarishi wake. Katika safu ya tatu pembe zimepishana, hata mtu asiyejua kushona aweza kuona. Tulipokwenda kumwamkia, mtoto alikuwa amelala chini yake, ameukamata kwa vidole vyake mahali pale pale palipopinda.

Na yule binti wa darasa letu la zamani sasa ni mtu mzima. Kama yuko miongoni mwa wasomaji wa gazeti hili, tunamwomba radhi mbele ya wote, kwa kuwa mbele ya wote ndipo tulipomwaibisha. Kama bado anakitunza kitambaa kile, tungefurahi kukiona kimeungwa katika mfarishi.