Jumuiya za Walimu na Makosa ya Wanafunzi: Newala na Masasi

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi walimu wafundishanavyo. Mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, uliowekewa mwongozo wa taifa mwaka 2020, wataka walimu wa kila shule wakutane kama jumuiya na kuichunguza kazi yao wenyewe.

Faida yake yaonekana wazi katika lugha. Huko Newala, juu ya uwanda wa Makonde, mtoto aweza kusema "chitabu". Mwalimu mgeni atamwita mzembe. Kumbe kiambishi chi- cha Kimakonde ndicho kilinganacho na ki- cha Kiswahili. Mtoto amefuata kanuni, wala hakuivunja. Chini ya uwanda, upande wa Masasi, wako Wamakua, ambao lugha yao kwa asili haina sauti b, d wala g. Mtoto wao akiandika "papa" kwa "baba", hakukusudia samaki.

Maarifa hayo mara nyingi anayo mwalimu mzaliwa wa mahali. Mwenziwe wa mbali huenda akawa na mbinu bora za kufundisha kusoma. Kikao chaunganisha haya mawili, ila kwa sharti moja: madaftari ya wanafunzi yawekwe mezani, makosa yapangwe kwa aina zake, zoezi moja lijaribiwe darasani, kisha walimu wakutane tena kulipima. Kikao kikiwa cha kujaza fomu tu, kila mmoja atarudi na alichokuja nacho, na mtoto ataendelea kuadhibiwa kwa kujua lugha ya mamaye.