Sufuria moja, shahada mbili

Ulezi wa kitaaluma, yaani uhusiano ambapo mtu aliyetangulia katika njia ya elimu humwonyesha anayemfuata penye mashimo na pa kukanyaga, hauanzi kwa fomu ya idara wala kwa orodha ya majina ubaoni, bali huanza pale watu wawili wanapopata sababu ya kuketi pamoja muda wa kutosha hata maneno ya adabu yakaisha na maneno ya haja yakafuata. Sababu hiyo, katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, imekuwa chakula tangu jadi. Hoja ya makala haya ni kwamba mitaa ya kupanga jijini Nairobi, Lucky Summer ukiwa mmojawapo, haijakosa wanafunzi wa shahada ya kwanza wala wale wa uzamili na uzamifu, ambazo ni shahada ya pili na ya tatu. Ilichokosa ni meza ya kuwakutanisha.

Lucky Summer ni mojawapo ya wadi 5 za eneo bunge la Ruaraka, pamoja na Baba Dogo, Utalii, Mathare North na Korogocho, na sura yake ni ile ya mitaa mingi ya Eastlands iliyokua kwa fedha za watu binafsi: majengo ya ghorofa yaliyosongamana, vyumba vya kupangisha juu, maduka na vibanda vya chakula chini. Upande wa barabara kuu ya Thika viko Chuo Kikuu cha KCA na USIU-Africa, na mbele zaidi, Kahawa, kipo Chuo Kikuu cha Kenyatta, na kwa kuwa vitanda vya mabweni havijawahi kuwatosha wanafunzi wote, wengi wao hulazimika kutafuta vyumba mitaani. Hivyo yawezekana kabisa kwamba msichana wa mwaka wa kwanza anayehangaika na somo la takwimu anapandia ngazi moja na mwalimu wa shule anayesomea uzamili jioni na wikendi, na wakaamkiana kwa miezi kadhaa bila yeyote kujua kwamba mwenzake amebeba vitabu.

Bwalo lilipovunjika

Haikuwa hivyo daima. Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichopata hadhi kamili mwaka 1970 baada ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kugawanywa, kiliwalisha wanafunzi wake katika bwalo, yaani ukumbi wa kulia, kwa gharama ya umma. Mambo yalibadilika mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati ambapo kundi la kwanza la mfumo wa 8-4-4 lilikuwa limeingia vyuoni, idadi ya wanafunzi ikawa imepanda na serikali ikaleta sera ya kuchangia gharama, ambayo ilimtaka mwanafunzi alipie sahani yake mwenyewe. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995 ili kuendesha mikopo ambayo sasa ilipaswa kutosha karo, malazi na tumbo. Wanafunzi wakaanza kupika vyumbani au kutafuta chapati na madondo vibandani, kila mmoja kwa wakati wake na kwa kadiri ya mfuko wake. Katika mabadiliko hayo, hasara iliyohesabiwa ilikuwa ya shilingi. Haikuhesabiwa ile nafasi ya mwanafunzi mgeni kuketi karibu na mkongwe bila kuomba miadi, akasikia ni kozi ipi inayohitaji kusomwa mapema na ni ofisi ipi inayofaa kuendewa asubuhi.

Hata hivyo, kurejesha ukumbi peke yake hakutoshi, na funzo la jambo hilo linatoka London. Kwa karne nyingi, aliyetaka kuwa wakili wa mahakama za juu za Uingereza alilazimika kujiunga na kimojawapo cha vyama 4 vya mawakili viitwavyo Inns of Court na, mbali na kufaulu mitihani, kula idadi maalumu ya vyakula vya jioni katika ukumbi wa chama chake. Mohandas Gandhi, aliyefika huko mwaka 1888 na kuhitimu katika chama cha Inner Temple mwaka 1891, alieleza katika tawasifu yake kwamba wanafunzi waligawanywa wannewanne, kila kundi likipewa chupa 2 za mvinyo, na kwa kuwa yeye hakunywa, makundi yalimgombania. Aliongeza kwamba huenda hapo zamani, wanafunzi walipokuwa wachache, waliweza kuzungumza na mawakili wakuu wakila, lakini katika wakati wake wakuu hao walikuwa na meza yao peke yao, na desturi ikawa imebaki ganda bila kiini. Sanamu ya Gandhi imesimama katika Chuo Kikuu cha Nairobi tangu mwaka 1956, na anayetaka kuanzisha ulezi wa mezani angefaa kuukumbuka ushahidi wake: watu waweza kula chini ya paa moja kwa miaka mingi na wasifundishane lolote, ikiwa wakubwa wana meza yao.

Kwa nini mwanafunzi wa uzamili

Mhadhiri hutoa alama, na msimamizi wa tasnifu, yaani anayeongoza uandishi wa utafiti wa shahada, ndiye huamua kama kazi imekubalika; kwa hiyo mbele yao mwanafunzi huficha asichokijua. Mwanafunzi wa uzamili hana rungu hilo, na bado anakumbuka jinsi mtihani wa mwaka wa pili unavyouma. Naye hufaidika, kwa maana utafiti ni kazi ya upweke, na anayeweza kumweleza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza swali la tasnifu yake kabla sukuma haijapoa amekwisha kulielewa mwenyewe.

Mazungumzo hayo hayana haja ya kwenda mbali kutafuta mada. Katika wadi jirani ya Korogocho, Kituo cha Afrika cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya, APHRC, kilianza mwaka 2002 kufuatilia kaya kwa mfululizo, kikiandika vizazi, vifo na uhamaji. Karibu na hapo lipo jalala la Dandora, ambako utafiti uliochapishwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka 2007 uliwapima watoto na vijana 328 na kukuta nusu yao wana madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kuzidi kile kilichokubalika kimataifa. Mwanafunzi wa kemia au wa sosholojia anayevuta moshi wa jalala hilo kila jioni anaweza kukaa miaka minne asijue kwamba moshi wenyewe ni mada, mpaka aliyekwisha kusoma utafiti wa aina hiyo amwambie wakimega tonge.

Kanuni za sufuria

Mpango wa namna hii hauhitaji mfadhili, ila unahitaji kanuni. Kundi liwe dogo, la watu sita au saba, ili pasiwepo meza ya pili. Chakula kiwe cha kawaida, ugali na madondo au githeri, kwa kuwa karamu huja mara moja na kuisha, ilhali ulezi hutaka kurudiwa. Tena mkono ulio ndani ya ugali hauwezi kushika simu. Siku iwe moja isiyobadilika, Jumamosi mchana, kwenye ukumbi au kibanda kilicho wazi, maana chumba cha mtu usiku humweka msichana mahali ambapo kukataa ni kugumu. Asiwemo mlezi anayesahihisha kazi za wale anaokula nao. Gharama nazo zigawanywe kwa uwezo: wakubwa walete unga, wadogo walete mboga na kuosha vyombo, ili asiwepo wa kulishwa tu.

Wahenga walionya kwamba mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na onyo hilo linafaa kupokewa lilivyo. Sahani haigeuzi jirani kuwa ndugu, wala haiondoi upungufu wa mabweni, karo au wahadhiri. Lakini ulezi wa kitaaluma haudai mtu afe na mwenzake. Unadai amwambie ukweli kuhusu kazi yake na arudi Jumamosi ijayo. Kipimo cha kufaulu kwake kitaonekana dukani baada ya miaka michache, pale aliyekuwa akileta mboga atakapoanza kununua unga.