Je, Wajua? Siku Tatu Juu ya Ngamia

Umeshalipia safari ya ngamia kule Merzouga, kusini-mashariki mwa Morocco? Hebu sogea hapa kabla hujafunga begi.

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya Sahara haina mchanga? Jangwa zima lina kilomita za mraba zipatazo milioni 9, na mchanga umefunika karibu robo tu. Kwingine ni mawe na changarawe tupu, kwa hiyo ndala zisiwe viatu vyako pekee. Ila Merzouga utashiba mchanga: matuta ya Erg Chebbi yanafika mita 150!

Koti umeweka? Usicheke. Usiku wa Januari baridi hapo hukaribia nyuzi 0. Mwaka 2018 theluji ilianguka juu ya matuta ya mchanga huko Aïn Sefra, Algeria.

Na nguo nyeusi je? Utashangaa. Mwaka 1980 watafiti walilinganisha majoho meusi na meupe ya Wabedui kwenye jua kali la jangwani, wakakuta joto linalomfikia mvaaji ni lile lile! Siri ni upana wa joho: hewa inapita ndani.

Sasa panda. Shika kile chuma cha mbele ya tandiko, maana ngamia hunyanyua kwanza miguu ya nyuma. Ghafla unainamia shingo yake, kisha miguu ya mbele inanyooka na wewe unarudishwa nyuma. Kushuka je? Anatangulia kupiga magoti ya mbele, na pua yako inaelekea mchangani tena. Kwa hiyo kupanda na kushuka, dawa ni moja: egemea nyuma!

Akitembea, ngamia hutupa miguu miwili ya upande mmoja, halafu miwili ya upande wa pili. Ndiyo maana utayumba kama uko kwenye mashua. Mara nyingi hakuna pa kutia miguu, inaning'inia tu, na jinzi zenye mishono minene zitakuchuna mapaja. Mwendo wenyewe ni kilomita 5 hivi kwa saa, kasi ya mtu anayetembea! Ukichoka, shuka utembee, hakuna atakayekucheka.

Hivi bado unaamini nundu ni tangi la maji? Ni mafuta matupu. Maji huyanywa kwa pupa: lita 100 ndani ya dakika kumi na kitu. Joto la mwili wake huweza kupanda kutoka nyuzi 34 hadi 40, naye anatafuna tu. Wewe ukifika 40 tunakukimbiza hospitali, kwa hiyo kunywa kidogo kidogo kutwa, usingoje kiu.

Hema usilipige kwenye mkondo mkavu, hata kama mbingu ni nyeupe: maji yanaweza kuja ghafla. Septemba 2024 mvua iliyonyesha kusini mwa Morocco ililijaza Ziwa Iriqui, lililokuwa kavu kwa takriban miaka 50!

Na msafiri wa kale wa Morocco unamjua? Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alianzia safari yake ya kuvuka Sahara huko Sijilmasa, mji ambao magofu yake hayako mbali na Merzouga. Unajua alijiandaaje? Alinunua ngamia, pamoja na chakula chao cha miezi minne! Akaondoka na msafara Februari 1352.

Siku 25 baadaye walifika Taghaza, akakuta nyumba na msikiti vimejengwa kwa matofali ya chumvi, vikaezekwa kwa ngozi za ngamia. Kutoka hapo ni siku kumi bila kisima. Na kiongozi aliyemwona njiani? Jicho moja kipofu, la pili gonjwa, lakini kwa kuijua njia hakuwa na mpinzani. Shikamoo mzee!

Ngoja, hujasikia la chawa. Chawa walikuwa wengi mno njiani, hata wasafiri wakavaa shingoni nyuzi zilizotiwa zebaki ili kuwaua. Hilo tu usiige, zebaki ni sumu. Weka sabuni.